Makuzi ya Fikra za Mtoto Katika Nchi ya Ngara na Biharamulo

Swali la namna fikra za mtoto zinavyokua aghalabu limechunguzwa katika vyuo vya Ulaya na Marekani, juu ya watoto waliolelewa kwa vitabu vya picha na michezo ya kununuliwa dukani. Na majibu yaliyopatikana huko yametufikia, yakaingia katika vyuo vyetu vya ualimu, yakafundishwa kana kwamba mtoto aliyechunguzwa Geneva ndiye mtoto wa kila mahali. Nimekusudia kulitazama swali hilo kutoka wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera: Ngara yenye vilima na migomba, inayopakana na Burundi na Rwanda, ambako mto Ruvubu huungana na mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, na Biharamulo iliyo mashariki yake, nchi ya miombo na mihogo, wanamoishi Wasubi, Wazinza na Wasukuma. Nimezichagua wilaya hizi kwa sababu mtoto wa huko huanza kazi, dhima na lugha ya pili mapema, hata ikawa rahisi kupambanua lipi katika akili yake limeletwa na umri na lipi limeletwa na maisha. Na kwa sababu mkoa huu umepimwa na kuandikwa, kwa miaka zaidi ya 30, kuliko mikoa mingi ya Afrika, na baadhi ya yaliyoandikwa yanatia uchungu.

Hoja ninayoishika ni kwamba umri humpa mtoto uwezo wa kufikiri, lakini uwezo huo hujidhihirisha kwanza katika mambo anayoyashika kwa mikono yake na kuyasema kwa lugha ya nyumbani kwao, ukachelewa kujidhihirisha katika mambo mengine. Kwa hiyo anayempima mtoto kwa yale asiyoyazoea hupima ugeni wake, akadhani amepima akili.

Jean Piaget, Mswisi aliyezaliwa mwaka 1896 na kufariki mwaka 1980, ndiye aliyeligawa kuzi hili katika vipindi vinne vinavyojulikana zaidi duniani. Mpaka miaka 2 mtoto hufikiri kwa kugusa na kutenda. Kutoka 2 hadi 7 huwa na lugha na mawazo ya vitu visivyokuwapo mbele yake, ila hudanganywa na sura ya vitu. Kutoka 7 hadi 11 hupata mantiki, maadam jambo lenyewe linaonekana au lashikika. Na kuanzia miaka 11 au 12 huweza kufikiri juu ya yasiyokuwapo na yanayoweza kuwapo. Sina ugomvi na mpangilio huo, kwa kuwa umethibitishwa katika mataifa mengi ya kuwa hatua hufuatana hivyo. Ugomvi wangu ni na wale walioufanya kalenda, wakahukumu kwamba mtoto aliyepitwa na tarehe amepitwa na akili.

Juu ya kipindi cha kwanza maneno hayahitaji kuwa mengi. Mtoto mchanga wa Ngara hukaa mgongoni mwa mama yake, kisha mgongoni mwa dada yake, na kutoka pale juu huona kisima, shamba, gulio na msiba kabla hajajua jina la kimojawapo. Mary Ainsworth, aliyewachunguza akina mama na watoto wao katika vijiji vilivyo karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, aliona jambo ambalo baadaye lilikubaliwa kote: kwamba mtoto aliyetulia kwa mlezi wake ndiye anayethubutu kumwacha, akatambaa kwenda kukichungua kitu kigeni, akarudi, akaenda tena. Udadisi wa mtoto huanzia katika amani. Nawaomba wasomaji walihifadhi neno hili, kwa sababu tutakapofika katika habari za njaa na vita litatuhusu tena.

Kipindi cha pili ndicho watu wazima wanachokidharau kuliko vyote, kwa kuwa mtoto wa miaka 4 husema mengi yasiyo na mpango. Walakini ndani ya kipindi hicho hutokea jambo kubwa, nalo ni mtoto kutambua kwamba mtu mwingine anaweza kuamini lisilo kweli. Jeremy Avis na Paul Harris walichapisha mwaka 1991 habari za watoto wa Kibaka, watu wa misituni nchini Kamerun: mtoto hushawishiwa kuhamisha kokwa za embe kutoka katika bakuli na kuzificha mahali pengine wakati mpishi ametoka, kisha huulizwa mpishi akirudi atazitafuta wapi. Wadogo kabisa husema atazitafuta pale zilipo. Waliofika miaka 5 wengi hujua kwamba atafunua bakuli, kwa sababu hakuona. Watoto wa Ulaya hufika hapo katika umri uo huo. Basi hapa umri una sauti kubwa, na msitu, mji, kitabu na kibuyu havikuleta tofauti.

Kisha hufika miaka 7. Ni ajabu jinsi watu wasiowahi kukutana walivyokubaliana juu ya mwaka huu. Mafakihi wa Kiislamu waliuweka karibu yake mwanzo wa tamyizi, yaani mtoto kupambanua jema na baya, wakaamuru aanze kufundishwa sala. Sheria ya Kanisa Katoliki, lenye waumini wengi katika jimbo la Rulenge-Ngara, humhesabu mtoto aliyetimiza miaka 7 kuwa ana matumizi ya akili. Sheria ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 1978 ikautaja umri huo huo kuwa wa kuanza shule ya msingi. Na mzazi wa Ngara, asiyehitaji kusoma lolote katika hayo, huanza wakati huo kumtuma mwanawe kwa jambo la maana. Kutumwa ndiyo mizani yake. Mtoto wa miaka 4 hutumwa kuleta kijiko kilicho chumba cha pili. Mtoto wa miaka 8 hutumwa kwa shangazi, ng'ambo ya kilima, akiwa na ujumbe kichwani, fedha mkononi na mdogo wake mgongoni, na hutarajiwa, asipomkuta shangazi, aamue mwenyewe la kufanya. Sara Harkness na Charles Super walipokaa Kokwet, kijiji cha Wakipsigis nchini Kenya, katika miaka ya 1970, waliwakuta wazazi wakiipima akili ya mtoto kwa mizani iyo hiyo: mwenye akili ni yule anayeliona lililo wajibu wake akalitenda bila kusimamiwa. Mimi naona mizani hiyo ina haki kuliko watu wa shule wanavyokubali, kwa maana ndani ya kutumwa mna kumbukumbu, hesabu, makadirio ya wakati, na kuwafahamu watu.

Tazama binti wa miaka 9 katika gulio, ameketi mbele ya gunia la maharage la mama yake. Mnunuzi ametaka sado moja. Binti anaijaza ile ndoo ndogo iliyokuwa ya rangi, anarundika juu yake mpaka maharage yanaanza kuporomoka pembeni, kisha anayamimina katika kikapu kipana cha mnunuzi, ambamo yanatandaa na kuonekana machache. Mnunuzi, mtu mzima aliyezoea kubembeleza nyongeza, anasema, "Mwanangu, mbona yamekuwa haba hivi?" Binti hataharuki. "Ni yale yale, mama," anasema, "kikapu chako ndicho kipana."

Katika maneno hayo machache mna hoja mbili ambazo Piaget alizitafuta kwa watoto wa Geneva kwa kuwamiminia maji kutoka gilasi pana kwenda gilasi nyembamba: kwamba kitu kisichoongezwa wala kupunguzwa hubaki kilivyo, na kwamba upana umefidia kina. Watafiti waliokwenda Afrika na gilasi zao mara nyingi walikuta watoto wa vijijini wakichelewa miaka kadhaa katika jaribio hilo. Lakini Douglas Price-Williams na wenzake, walipowajaribu watoto wa wafinyanzi nchini Meksiko mwaka 1969 kwa udongo, ambao ndio kazi ya wazazi wao, waliwakuta wakiwatangulia wenzao wa rika moja ambao wazazi wao hawakuwa wafinyanzi. Akili ilitangulia mahali ambapo mikono ilikwisha kufika.

Ushahidi wa jambo hili ni mwingi, na nitataja ule ulionikaa zaidi moyoni. Terezinha Nunes na wenzake waliwafuata watoto wachuuzi wa mitaani mjini Recife, nchini Brazili, wakanunua kwao nazi na matunda, wakawauliza bei ya vitu vingi kwa pamoja na chenji ya kurudishwa. Watoto wakajibu sawasawa mara 98 katika kila 100. Kisha hesabu zile zile zikaandikwa kwenye karatasi kwa tarakimu tupu, wakapewa watoto wale wale, na majibu sahihi yakashuka mpaka 37 katika kila 100. Hayo yalichapishwa mwaka 1985. Robert Serpell naye aliwapa watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester mifano ya kuiga: kwa kalamu na karatasi watoto wa Manchester walishinda, kwa waya watoto wa Lusaka walishinda, kwa kuwa magari ya waya ndiyo michezo yao, na kwa udongo wakalingana. Lau angewapa kalamu peke yake, angaliandika kwamba mtoto wa Lusaka ana upungufu wa kuona maumbo, na labda yupo mwalimu ambaye angaliamini.

Na hapa kwetu Tanzania, Robert Sternberg na wenzake walifanya kazi katika shule za vijijini karibu na Bagamoyo, juu ya watoto zaidi ya 300, wengi wao wa miaka 11 hadi 13, wakatoa taarifa yake mwaka 2002. Waliwapa mtihani wa kupanga vitu kwa makundi, kutoa hitimisho na kuuliza maswali ya kubahatisha kitu kilichofichwa. Kisha wakawafundisha, kwa muda usiofika saa moja, namna maswali ya aina hiyo yanavyoshughulikiwa. Kisha wakawapima tena. Waliofundishwa walipanda kwa kiasi cha kuonekana, wala waliokuwa juu mwanzoni hawakuwa lazima ndio waliokuwa juu mwishoni. Mtu na ajiulize: kama muda usiofika saa moja unaweza kuipindua safu ya walio juu na walio chini, ni watoto wangapi wa Nyakahura, Kabanga na Rulenge walioambiwa kwamba vichwa vyao ni vizito, ilhali walinyimwa saa hiyo moja tu?

Nije kwenye mazungumzo ya jioni, kwa sababu huko ndiko fikra zinakotoka katika vitu kuingia katika maneno. Bibi ameinjika maharage, wajukuu wamemzunguka, naye anatega: nyumba yangu haina mlango. Mjukuu wa miaka 4 anashangaa kweli kweli. "Bibi, watu huingilia wapi?" Wa miaka 7 anataja vitu vilivyozibwa, debe, kibuyu, chungu, kimoja baada ya kingine, kwa kuwa amejua kwamba nyumba hii si nyumba ila bado hana njia ya kutafuta. Wa miaka 11 ananyamaza, anatafuta kitu kisichokuwa na mlango ambacho hata hivyo kina mwenyewe ndani yake, na anasema: yai. Katika duara moja la watu wa jiko moja tumeviona vipindi vitatu vya kuzi la akili vimeketi bega kwa bega. Na aliye mdogo, akisikia jibu la mkubwa na maelezo ya bibi, ameonyeshwa hatua ambayo peke yake asingeifikia mwaka huo.

Hayo ndiyo aliyoyashikilia Lev Vygotsky, Mrusi aliyezaliwa mwaka mmoja na Piaget na kufa kijana mwaka 1934: kwamba kila mtoto ana mambo awezayo peke yake na mengine awezayo akisaidiwa na ajuaye zaidi, na kwamba mafunzo yenye faida huelekea haya ya pili. Alisema pia kwamba maneno ambayo mtoto huyasema kwa sauti anapocheza, akijiongoza mwenyewe, huingia ndani anapokaribia umri wa shule, yakawa usemi wa moyoni anaofikiria kwao. Sasa zingatia kwamba usemi wa moyoni wa mtoto wa Ngara ni Kihangaza au Kishubi, na wa Biharamulo ni Kisubi, Kizinza au Kisukuma, na kwamba siku ya kwanza darasani lugha hiyo huambiwa ibaki nje. Sikipingi Kiswahili, ni lugha iliyotuunganisha, na mtoto wa huko hukisikia redioni na sokoni kabla ya kuanza shule. Lakini UNESCO ilikwisha kushauri tangu mwaka 1953 kwamba mtoto aanze kufundishwa kwa lugha ya mama yake, na mwalimu wa darasa la awali anayejua kusema neno moja la Kihangaza pale mtoto anapokwama hafanyi kosa lolote; anaendeleza kazi ya bibi.

Lipo jambo katika malezi yetu ambalo halina budi kusemwa, ijapokuwa linagusa heshima zetu. Mary Gauvain na wenzake walichapisha mwaka 2013 uchunguzi wa maswali ya watoto wa miaka 3 hadi 5 katika jamii nne, mojawapo Walogoli wa magharibi ya Kenya, wakaona kwamba watoto hao waliuliza maswali ya "nini" na "wapi" kama watoto wengine, ila maswali ya "kwa nini" yalikuwa machache mno. Sidhani kwamba hawakuwa na hamu ya kujua. Mtoto aliyelelewa kumsikiliza mkubwa, na kujifunza kwa kutazama, huona kuuliza sababu ni kumkalia mkubwa kikao cha hukumu. Adabu hiyo naipenda, na imetulea sote. Walakini mtoto asiyezoea kuuliza sababu huingia darasani akiwa na silaha moja pungufu, na katika darasa lenye watoto wengi kuliko madawati, ambamo mwalimu hushangiliwa kwa kimya anachokipata, pungufu hiyo haizibwi. Mzazi aweza kuidhinisha swali bila kupoteza heshima yake.

Hata hivyo, lugha na adabu ni mambo mepesi mbele ya njaa na maradhi. Kati ya mwaka 1991 na 1994, Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizihoji kaya zaidi ya 900 za mkoa wa Kagera, Ngara na Biharamulo zikiwamo, hasa kwa ajili ya kujua athari za ukimwi, na watu wale wale wakatafutwa tena mwaka 2004 na mwaka 2010 popote walipokuwa. Katika daftari hizo Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walisoma kwamba mtoto aliyefiwa na mama kabla ya miaka 15 alifika utu uzima akiwa amepungua kiasi cha sentimita 2 za urefu na mwaka 1 wa masomo. Kufiwa si jambo la moyo peke yake. Huingia katika mifupa na katika fahamu.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa kama saa 24, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara, na kambi ya Benaco ikawa na watu wengi kuliko mji wowote wa mkoa huo. Wenyeji waliwapokea, kuni, maji na chakula vikawa vya kugombaniwa, na maradhi yakaenea. Javier Baez alizichukua takwimu za Kagera akawalinganisha watoto waliokaa karibu na kambi na waliokaa mbali nazo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, akaona kwamba wale wa karibu, ambao hawakukimbia vita yoyote wala kuvuka mpaka wowote, walikuja kuwa wafupi kwa kiasi cha sentimita 1.8, wakasoma muda mfupi zaidi, na wachache zaidi miongoni mwao wakajua kusoma na kuandika. Ulimwengu uliona mahema. Haukuwaona watoto wa wenyeji waliokuwa wakijenga bongo zao kwa chakula kilichopungua.

Siyasemi haya kuwalaumu waliokimbilia uhai wao. Nayasema kwa sababu ubongo hujengwa zaidi katika miaka ya mwanzo, na kinachokosekana wakati huo hakilipwi kwa urahisi. Migomba na mihogo hushibisha, ila mtoto anayekula ndizi au ugali wa muhogo bila maharage ya kutosha, mayai, maziwa au dagaa hudumaa huku tumbo limejaa. Na uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 uliwakuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka 5 nchini Tanzania wakiwa wamedumaa, kutoka 34 mwaka 2015 na 2016. Malaria na minyoo humpunguzia damu, na mtoto aliyepungukiwa damu husinzia darasani akaitwa mvivu. Hapo ndipo ninapoudhika: tunamwadhibu mtoto kwa dalili ya ugonjwa, kisha tunaiandika adhabu hiyo katika taarifa ya shule kwa jina la akili ndogo.

Kimebaki kipindi cha mwisho, cha kuanzia miaka 11 au 12, ambapo kijana huanza kufikiri kwa "lau" na "endapo". Alexander Luria, rafiki wa Vygotsky, aliwaendea wakulima wa Uzbekistani mwaka 1931 na 1932, akawaambia kwamba kaskazini ya mbali penye theluji dubu wote ni weupe, na kwamba Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali. Kisha akawauliza dubu wa huko wana rangi gani. Wasiosoma walikataa kujibu: hawakufika huko, aulizwe aliyefika. Waliosoma kidogo tu walijibu. Wakulima wale hawakukosa mantiki, kwa maana kukataa kushuhudia usiloliona ni mantiki na ni uaminifu pia. Walichokosa ni mazoea ya kuyachukua maneno matupu kuwa mahali pa kusimama. Shule ndiyo inayoyatoa mazoea hayo, na kwa ajili hiyo peke yake, hata kama isingekuwa na faida nyingine, ningemtaka kila kijana wa Biharamulo afike sekondari.

Na hapo pana jambo la kusikitisha katika mpango wetu wa elimu. Kijana anapoufikia umri huo, akiwa ameanza kuimudu "lau" kwa Kiswahili alichokipigania tangu darasa la kwanza, huingia kidato cha kwanza na kukuta kwamba fizikia na jiografia zinafundishwa kwa Kiingereza, lugha ambayo katika vijiji vingi vya Ngara haisemwi na mtu yeyote njiani. Anarudi nyuma. Yule aliyekuwa akijadiliana na babu yake juu ya mipaka ya shamba, akileta hoja na kuipinga, sasa ananakili ubaoni sentensi asizozifahamu na kuzikariri kwa ajili ya mtihani. Na kwa miaka minne, ambayo ndiyo miaka akili yake ilikuwa tayari kwa mambo makubwa kuliko wakati wowote uliopita, hapewi la kufikiri katika lugha anayofikiria kwayo.